Mafua: Dalili Zake na Sababu Zake

Kila mvua za Machi zinapoanza hapa Bwizibwera, mabweni yetu hujaa chafya. Mwaka mmoja nami nilipatwa. Siku ya tatu kamasi zangu ziligeuka rangi zikawa za kijani, nikaogopa, nikaenda dukani kununua vidonge vya kuua bakteria. Fedha zangu zilipotea bure. Wasomaji wenzangu, nataka kueleza kwa nini.

Mafua huletwa na virusi, hasa rinovirusi, ambavyo vina aina zaidi ya 150. Ndiyo maana mtu aweza kuugua mara nyingi maishani. Lakini dalili nyingi tunazozilalamikia ni kazi ya mwili wenyewe unaojilinda. Virusi vikiingia puani, mwili hupiga mbiu. Mishipa midogo ya damu hupanuka ili askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wafike upesi. Hapo utando wa pua huvimba, na pua huziba. Kamasi huongezeka ili kuusafisha mlango huo. Neva zikiwashwa, twapiga chafya. Kamasi zikiteremka kooni, twakohoa. Na ile rangi ya kijani hutoka katika chembe nyeupe zenyewe. Peke yake si alama ya bakteria.

Basi vidonge vyangu havikuweza kuua virusi. Tena dawa hizo zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea, na siku tutakapozihitaji kweli hazitatufaa.

Yafaa nini? Kupumzika, kunywa maji, kunawa mikono kwa sabuni, kukohoa kwenye kiwiko, na kufungua madirisha ya bweni hata siku za mvua. Kwa kawaida mafua huisha katika siku 7 hadi 10.

Hata hivyo tusidharau. Mwenye homa kali apimwe malaria, maana nayo huanza kwa kuumwa kichwa na uchovu. Na ukienda likizo, iwe Mbarara mjini au Nakivale, ukamwona mtoto mdogo anapumua mbio, au kifua chake kinabonyea ndani apumuapo, usiseme ni mafua tu. Huenda ni nimonia. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Huyo ndiye mwenye haja ya dawa ya namna ile niliyoitumia mimi bure.