JUA KALI MALISHONI: JILINDE WEWE NA NG'OMBE WAKO



Katika nchi nyingi watu hufanya kazi za shamba wakisaidiwa na farasi. Kwetu Karagwe na Kyerwa farasi si mnyama wa kawaida, kwani hawezi kustahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mnyama wetu ni ng'ombe, hasa yule mwenye pembe ndefu. Anayemchunga hushinda juani kutwa nzima, naye jua humdhuru sawasawa na yule wa nchi ya farasi. Leo basi tujifunze jinsi ya kufanya kazi na mifugo wakati wa joto bila kuumia.

Kwa nini wengi hudanganyika
Nchi yetu ni ya milima. Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi pale Murongo huwa na baridi, na ukungu hutanda juu ya mto Kagera. Mchungaji huondoka nyumbani amevaa sweta na koti, bila maji, kwa kuwa hana kiu. Ikifika saa tano jua limewaka, nyasi zimekauka, na kivuli kiko mbali. Hapo ndipo hatari huanza.

Mwili hujipozaje?
Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Mtu akifanya kazi, misuli huzalisha joto. Mwili hulitoa joto hilo kwa jasho: jasho likikauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Lakini jasho hutokana na maji ya mwilini, nalo hubeba chumvi. Maji yakipungua, jasho hupungua, na joto hubaki ndani. Likizidi nyuzi 40, ubongo, figo na moyo huanza kuharibika. Mtu aweza kufa siku ileile.

Dalili
Mwanzoni mtu huchoka sana, kichwa humuuma, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na misuli ya miguu au tumbo humkaza. Mkojo wake huwa kidogo na wa rangi ya chai. Huyu apumzike kivulini na anywe maji mara moja.

Dalili za hatari ni hizi: ngozi ni ya moto sana, mtu anasema maneno yasiyoeleweka, anayumba, ana degedege au amezimia. Watu wengine humcheka wakidhani amelewa. Wengine husema amerogwa. Wengine humpa dawa ya malaria iliyobaki nyumbani na kumlaza ndani, amefunikwa blanketi. Haya yote humpotezea muda wa kupona. Ni kweli malaria ipo kwa wingi mkoani Kagera, lakini malaria huthibitishwa kwa kipimo. Tena vidonge vya kushusha homa haviondoi joto lililoletwa na jua.

Huduma ya kwanza
1. Mpeleke kivulini na umvue nguo zilizozidi.
2. Mmwagie maji mwili mzima, hasa kichwani, shingoni, makwapani na kwenye mapaja, huku mkimpepea kwa kanga au majani ya mgomba. Msiogope kwamba maji ya baridi yatamdhuru. Joto ndilo linalomuua.
3. Akiwa na fahamu zake, mpe maji kidogo kidogo. Akiwa amechanganyikiwa au amezimia, msimpe kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu.
4. Mpelekeni zahanati au kituo cha afya upesi. Wakati usafiri unatafutwa, na njiani pia, endeleeni kumpoza.

Maji na chakula cha nguvu
Anayefanya kazi kwenye jua kali yafaa anywe kikombe kimoja, yaani robo lita, kila baada ya dakika 20, hata kama hajasikia kiu. Tufanye hesabu: kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana ni saa tano. Vikombe vitatu kwa saa ni vikombe 15, karibu lita nne. Kwa hiyo kidumu cha lita tano si kingi. Maji yawe yamechemshwa. Maji ya mto au ya lambo wanakonywa ng'ombe huleta kuhara, na kuhara humaliza maji mwilini. Lakini pia usinywe zaidi ya lita moja na nusu kwa saa moja, maana maji mengi mno kwa mkupuo huvuruga chumvi ya mwili.

Aliyetoka jasho jingi aweza kutengenezewa maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Asiondoke mtu na njaa. Uji asubuhi, kisha ndizi na maharage, humpa nguvu na kumrudishia chumvichumvi za mwili. Rubisi na pombe nyingine si maji. Humfanya mtu akojoe zaidi na kumwondolea uangalifu mbele ya pembe na mateke.

Mpangilio wa kazi
Kazi nzito zifanyike alfajiri na jioni. Kuanzia saa sita hadi saa tisa, watu na mifugo wapumzike kivulini. Vaa kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu. Mgeni wa kazi asipewe kazi ya kutwa nzima siku ya kwanza. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Watoto, wazee na mama wajawazito huzidiwa upesi, hivyo wasiachwe peke yao malishoni.

Kunyunyizia dawa ya kupe pia kufanyike asubuhi. Ngozi yenye jasho hupitisha sumu kwa urahisi, na mchana watu huvua glavu na mabuti kwa sababu ya joto. Simama upepo ukiwa mgongoni. Wanyweshe ng'ombe kwanza, wasije wakalamba dawa kwa kiu.

Ng'ombe naye
Ng'ombe anayehema mdomo wazi, anayetoa udenda na kukataa kulala amezidiwa na joto. Ng'ombe mkubwa huhitaji madebe mawili ya maji au zaidi kwa siku. Wale wa maziwa wa kisasa huumia mapema kuliko wetu wa asili, basi wajengewe paa. Usimswage mnyama aliyechoka. Ndipo hukanyaga na kupiga pembe.

Maswali ya kujadiliana
1. Hapa kijijini kwetu, nani hushinda juani bila maji?
2. Mtu akianguka malishoni, maji ya kumpoza na usafiri vitapatikana wapi?
3. Tunaweza kupanda miti ya kivuli sehemu gani za malisho na minada?

Kabla ya kufungua zizi kesho asubuhi, jaza kidumu kwanza.