Kidonda kisichouma: visababishi na utambuzi wa vidonda vya sehemu za siri

Mgonjwa ambaye kidonda chake cha sehemu za siri kinauma hufika kituoni mapema. Yule ambaye chake hakiumi huchelewa, au hafiki kabisa. Hununua dawa ya kupaka dukani, na baada ya majuma machache kidonda hufunga. Kingefunga hata bila dawa hiyo, na huyu ndiye mgonjwa wa kuhofiwa zaidi.

Kidonda cha namna hiyo aghalabu ni cha kaswende, ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye Treponema pallidum. Hutokea kati ya siku 9 na 90 baada ya kujamiiana na mwenye maambukizi, mara nyingi katika juma la tatu. Kwa kawaida huwa kimoja, kigumu kikiguswa, kisafi, bila usaha. Kwa mwanamke kinaweza kujificha ukeni au kwenye mlango wa kizazi asikione kamwe. Kinapofunga, bakteria wamekwisha kusambaa kwa njia ya damu. Vipele, hata vya viganjani na nyayoni, vinaweza kufuata, kisha ukimya wa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba akiwa na maambukizi hayo bila kutibiwa, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa na kaswende.

Hata hivyo, katika nchi nyingi za Afrika kisababishi kinachoongoza leo ni kirusi cha herpesi, hususan aina ya pili. Malengelenge madogo hutokea kwa kundi, hupasuka, na kuacha vidonda vya juujuu vyenye maumivu, ambavyo hujirudia. Kumuuliza mgonjwa kama amewahi kupata hali hiyo husaidia kuliko taa ya kuchunguzia. Pangusa, yenye kidonda laini kinachouma na mitoki ya kinena, ilikuwa ya kawaida Afrika Mashariki katika miaka ya 1980; sasa ni adimu.

Si kila kidonda hutokana na ngono. Kwa baadhi ya watu, septrini huacha kidonda mahali palepale kila inapotumiwa, na mhudumu asiyeuliza kuhusu dawa anaweza kuvunja ndoa ya watu bila sababu. Mpox nayo sasa haina budi kufikiriwa, kwani vipele vyake vinaweza kuanzia sehemu za siri.

Macho pekee hayatoshi. Kidonda cha kaswende kikiingiwa na vijidudu vingine huuma. Herpesi kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa VVU huweza kuwa kidonda kikubwa kisichofunga. Vipimo navyo vina hila zake. RPR na VDRL huweza kutoa jibu hasi katika siku za mwanzo za kidonda, hivyo hurudiwa baada ya majuma machache. Kipimo cha haraka cha kaswende, kwa upande wake, hubaki chanya kwa wengi maisha yote hata baada ya tiba. Kwa sababu hiyo, pasipo na maabara ya kutosha, mgonjwa hutibiwa kaswende na herpesi siku hiyohiyo: sindano ya benzathini penisilini yuniti milioni 2.4 msulini, endapo hana mzio, pamoja na asaiklova, ambayo hupunguza makali lakini haimwondoi kirusi.

Kipimo cha VVU hufanyika hapohapo, kwa kuwa kidonda ni mlango wa kuvipokea na kuvitoa. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40.

Mwenza wa mgonjwa wa kaswende aliyekutana naye ndani ya siku 90 zilizopita hutibiwa hata kama kipimo chake ni hasi, kwa kuwa ugonjwa unaweza kuwa bado unaatamia mwilini mwake.