Fedha za Mazingira Tabora: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara haikupita Unyanyembe, hapa Tabora, hivi hivi. Hapa ndipo mizigo ilipofunguliwa na kufungwa upya, wapagazi wakabadilishwa, njia ikaamuliwa: magharibi hadi Ujiji, au kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mali ilikuwa ya mgeni, lakini njia aliijua mwenyeji. Siku hizi mfadhili wa mazingira anafika Tabora na fedha zake, njia yake na kituo chake cha mwisho, halmashauri ikimfuata nyuma. Maagizo haya ni kwa maofisa mipango, wakuu wa idara, madiwani na watendaji wa halmashauri zote nane za mkoa.

YA KUFANYA

1. Anza na mpango wako, si na tangazo la mfadhili. Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, utaratibu ambao kijiji hutumia kupanga vipaumbele vyake, haukuwekwa ili ujaze kabati. Mkutano mkuu wa kijiji ukisema shida ni maji na malisho, andika maji na malisho. Mwenye fedha za misitu akija, mwonyeshe mahali ambapo msitu unalinda chanzo cha maji hayo. Akikataa, mshukuru na umuage.

2. Ishike kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini kazi yake inaanza miezi mingi nyuma: kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Timu ya Menejimenti, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, Hazina, kisha Bunge. Mradi unaobisha hodi mwezi Machi umechelewa, hata kama umebeba mabilioni. Mfadhili aambiwe hivyo mwezi Oktoba, kwa maandishi.

3. Ijue milango. Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, GCF, huingia nchini kupitia Ofisi ya Makamu wa Rais. GCF haipitishi mradi bila barua ya nchi ya kutokuwa na pingamizi. Benki ya CRDB nayo ina ithibati ya GCF tangu 2019. Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, halmashauri iko chini ya TAMISEMI, na mkataba wa fedha unapita Hazina. Mkuu wa idara asiyeijua ramani hii atazungushwa na kila mshauri mwelekezi anayeshuka kwenye treni.

4. Panga kwa bonde. Maji ya Ugalla yanaingia Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Maji ya Manonga na Wembere, upande wa Nzega na Igunga, yanaelekea Bonde la Kati. Mkoa mmoja, mabonde tofauti, bodi tofauti za maji. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Ramsar nchini tangu 2000, haijui mpaka wa wilaya, na Ugalla imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2019. Kaliua, Urambo na Sikonge zikae meza moja kabla ya kila moja kuandika andiko lake.

5. Iga kilichofanya kazi kwa jirani. HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilianza 1986 na kufungwa 2004, Norway ikiwa mfadhili wake mkubwa. Fedha zilikuwa za nje, mradi ulikuwa wa Serikali, na chombo kikuu kilikuwa cha Wasukuma wenyewe: ngitili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yaliwe kiangazi, yakilindwa kwa sheria za dagashida, baraza lao la jadi. Ndiyo maana ngitili zilibaki wataalamu walipoondoka.

6. Hesabu mizinga yenye nyuki. Tabora ni mkoa wa asali, na fedha za nyuki zinaendelea kuja. Programu ya BEVAC, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kutekelezwa na shirika la Ubelgiji Enabel, ni mfano mmoja. Ripoti nyingi za miradi ya nyuki hupenda kuandika idadi ya mizinga iliyogawiwa. Nenda ukaitazame. Kama mzinga wa mbao umekaa juani, mfuniko umepinda, haukupakwa nta, sisimizi wamehamia na mfugaji hana vazi la kinga, hiyo ni samani. Andika kilo zilizorinwa, kilo zilizouzwa, na bei. Andika pia idadi ya miti iliyoacha kuchunwa magome kwa ajili ya mizinga ya kienyeji, kwa sababu mti wa mtundu uliochunwa gome kuzunguka shina hufa umesimama.

7. Tenga fedha za matunzo kutoka mapato ya ndani tangu mwaka wa kwanza. Halmashauri isiyoweza kulipia mafuta ya pikipiki ya ofisa misitu haijaupokea mradi, imeuazima tu.

YA KUTOFANYA

1. Usipokee mpango ulioandikwa mbali bila kuupima kwa udongo wa hapa. Urambo inalijua somo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa haraka ya kutafuta mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yalitangulia, utafiti wa udongo na mvua ukaja nyuma. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Aliyelipa ni mlipakodi wa Uingereza, lakini msitu uliong'olewa ulikuwa wetu.

2. Usihubiri miti huku mabani ya kukaushia tumbaku yanakula msitu. Hili ndilo kosa kubwa la mipango yetu. Ukurasa mmoja wa mpango wa wilaya una lengo la kuongeza tani za tumbaku. Ukurasa mwingine una lengo la kuokoa miombo. Kurasa hizo hazijawahi kusalimiana. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto unaowaka bani usiku na mchana, takriban wiki nzima kwa kila mkupuo, na kuni zinatoka msitu uleule ambao mfadhili amekuja kuuhifadhi. Lengo la tani liandikwe pamoja na kuni zake: zitatoka wapi, nani amepanda, lini zitavunwa, mabani mangapi yatajengwa upya yatumie kuni kidogo. Kampuni ya kununua tumbaku na chama cha msingi waitwe kwenye kikao kilekile cha mradi wa misitu. Wasipoitwa, fedha za GEF zitakuwa zinajaza ndoo iliyotoboka.

3. Usiunde kamati mpya. Kijiji kina serikali yake na kamati yake ya maliasili, kina jumuiya ya watumia maji. Ipole na Uyumbu zina jumuiya za hifadhi ya wanyamapori. Watu walewale watano wakikaa kamati sita, hakuna kamati itakayofanya kazi.

4. Usikubali fedha zipite pembeni. Azimio la Paris la 2005 na Mkakati wa Pamoja wa Misaada Tanzania wa 2006 viliwataka wafadhili watumie mifumo ya nchi. Wakumbushe. Fedha zisizoonekana kwenye bajeti haziulizwi na diwani, na zisizoulizwa hupotea.

5. Usichanganye msaada, mkopo na biashara. Maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Tabora, Igunga na Nzega yaliletwa kwa mkopo kutoka India. Deni ni la taifa. Kaboni ni mauzo, na ina kanuni zake za 2022 na kituo chake cha ufuatiliaji katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, Morogoro. Kabla kijiji hakijasaini, viongozi wake wakatembelee vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinavyolipwa kwa kaboni, waulize mgawanyo na miaka ya mkataba.

6. Usiegemeze kazi ya kudumu kwenye fedha za muda. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Kufika Julai, shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Doria ya msitu na upimaji wa maji ni kazi za Serikali, ziwe na kifungu cha Serikali.

7. Usihesabu semina kama matokeo. Posho ikizidi miche, rudisha bajeti hiyo kwa mwandishi wake.

Mwisho: siku mkataba unapoletwa, mkurugenzi amuulize ofisa mipango swali moja mbele ya mfadhili: uko kwenye kifungu gani cha mpango wetu wa mwaka? Jibu likiwa namba, asaini. Jibu likiwa hotuba, kalamu irudi mfukoni na mfadhili apangiwe kikao cha Oktoba.