Wi-Fi ya kambini isikudanganye

SWALI: Tunaishi Texas. Kiangazi tutakodi gari-nyumba kwenda Yellowstone na watoto, na mimi nafanya kazi kwa mtandao. Wi-Fi ya kambini itatosha?

JIBU: Haitatosha, ndugu yangu. Jioni kila familia ikifungua filamu, laini ile moja inagawanywa hadi barua pepe inagoma. Ndani ya Yellowstone hata simu hushika sehemu chache tu, kama Old Faithful na Mammoth.

Njiani, beba laini za kampuni mbili tofauti, kwa mfano Verizon na T-Mobile, maana moja ikipotea huenda nyingine ipo. Bati la gari huzuia mawimbi, kwa hiyo antena ikae juu ya paa, nje. Kikuza mawimbi nacho husaidia pale tu penye mawimbi, hata yakiwa hafifu. Pasipo na kitu hakina cha kukuza.

Kwa mikutano ya kazi, mimi ningechukua Starlink Mini, sahani ndogo ya intaneti ya setilaiti. Hutumia takriban wati 25 hadi 40, yaani saa kumi za kazi hazizidi wati-saa 400, karibu theluthi ya betri ya volti 12 yenye Ah 100. Adui yake ni miti: sahani hiyo inataka anga wazi, na kivuli cha misonobari ambacho watoto watakipenda ndicho kitakachokukatia mkutano. Nunua na waya mrefu, uegeshe gari kivulini na sahani uisogeze juani.