Nyumba ya Kiwandani Katika Shamba la Baba: Ruhusa Inatoka kwa Nani?



Siku hizi kuna nyumba ambazo hazijengwi jiwe juu ya jiwe. Zinaundwa kiwandani vipande vipande, zinapakiwa kwenye lori, na mafundi wachache wanaziunganisha kwa muda mfupi. Nyingine ni fremu za chuma zenye kuta za paneli, nyingine ni za mbao zinazosimama juu ya nguzo fupi, na nyingine ni makontena ya meli yaliyokatwa milango na madirisha. Wanandoa wengi vijana wanazipenda. Kodi ya mjini imewachosha, akiba ya sako imefika mahali pazuri, na kule nyumbani kuna shamba la baba. Kilichobaki, wanafikiri, ni kupiga simu kiwandani.

Hapo ndipo somo letu la leo linapoanzia. Kati ya simu na lori kuna watu ambao hawana budi kusema ndiyo, nao ni wengi kuliko tunavyodhani.

Nyumba ya mawe ina faida moja ambayo hatuifikirii: ni ya polepole. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu mabati. Katika muda huo wote ndugu wanapita, wanatazama, wananung'unika au wanashukuru, na mwenye neno hulisema kabla paa halijaezekwa. Nyumba ya kiwandani haimpi mtu nafasi hiyo. Ijumaa jioni lori linaingia, na wiki haijaisha nyumba imesimama. Ndugu anayefanya kazi Mombasa anapata habari kwa simu ya jirani. Hata kama angekubali kwa moyo mweupe, sasa amepata sababu ya kukasirika, kwa maana hakuulizwa. Kwa hiyo maneno ambayo nyumba ya mawe huyatawanya kwa miaka mitatu, ninyi yawapasa kuyamaliza yote kabla ya kulipa hata arubuni.

Tena kuna hatari ya kuelewana nusu. Baba anaambiwa kwamba nyumba hii inaweza kuhamishwa. Anakubali upesi, kwa kuwa akilini mwake anaona kitu cha muda kitakachoondoka siku shamba litakapogawanywa. Mwanawe naye akilini anaona makao ya kuzeekea. Wote wawili wamesema ndiyo, lakini kila mmoja kwa nyumba yake. Ulizeni waziwazi: ni ya muda au ni ya kudumu? Na kama ni ya muda, ni muda gani?

ANZENI NINYI WAWILI

Mnakumbuka mafundisho ya Mwanzo sura ya 2 juu ya kuacha wazazi na kuambatana na mke. Kuacha si lazima kuhama wilaya. Mtu anaweza kujenga hatua hamsini kutoka mlango wa mamake na bado akawa ameacha, ikiwa mashauri ya nyumba yake anayafanya pamoja na mkewe. Mwingine anaishi Nairobi, mbali kabisa na kwao, na hajaacha chochote.

Basi mume asiende peke yake kwa babake, akarudi na jibu, mke akalipokea kama habari za redio. Kaeni kwanza wawili. Mke aseme bila woga anachokiona yeye: njia ya kisima inapita wapi, watoto watakuwa wakila jikoni mwa nani, mama mkwe atakuwa na ufunguo au hatakuwa nao. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka siku ya kwanza ya kuishi hapo. Kama wazazi wa mke ndio wanaotoa kiwanja, mume naye ana maswali yake, na asicheke mtu.

Kisha fedha. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua mchango wa kila mmoja katika ndoa, hata ule usio wa fedha, kama kulea watoto na kazi za nyumbani. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mali iliyoshikwa kwa amana, pamoja na amana ya kimila, haihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Fikirini maana yake. Tuseme mke amechukua mkopo wa sako akanunua paneli na mabati, na vyote vimefungwa juu ya ardhi ya ukoo wa mumewe. Kwa desturi ya sheria kitu kilichoshikizwa ardhini huifuata ardhi. Siku mume akifariki, au ndugu wakigombana, huyu mama ataonyesha nini? Kwa hiyo mkataba na kiwanda uandikwe majina yote mawili, na risiti zihifadhiwe na wote wawili. Wapo watakaosema kwamba kuweka risiti ni kutoaminiana. Mimi nasema ni sawa na kuandika cheti cha ndoa. Nacho hatukukiandika kwa sababu ya kutoaminiana.

SHAMBA LINA JINA LA NANI?

Kabla ya kuitisha kikao chochote, nendeni ofisi ya ardhi mkafanye uchunguzi rasmi wa hatimiliki. Msitegemee usemi wa "shamba letu". Neno "letu" ni tamu mezani, lakini halipo katika rejista.

Ikiwa jina ni la baba naye yu hai, kazi ni nyepesi kidogo. Yeye anaweza kuwaruhusu mjenge bila kugawanya shamba, kwa barua aliyoitia sahihi. Au anaweza kuwakatia sehemu yenu kabisa. Akichagua kukata, na ardhi ni ya kilimo, hapo lazima ridhaa ya bodi ya ardhi, ile iliyowekwa na sheria ya mwaka 1967. Maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yalipofanywa. Bila ridhaa ya bodi mapatano hayo ni batili. Bodi nyingi hutaka kumwona mke wa mwenye shamba na watoto wake wazima, wasikie wenyewe kwamba wanajua na wamekubali. Halafu ndipo mpima ardhi aweke mipaka, na hatimiliki mpya itolewe. Kuweka nyumba tu pasipo kugawanya hakuhitaji bodi. Lakini elewa kwamba hapo umepewa ruhusa, hukupewa ardhi.

Mkikubaliana juu ya ruhusa tu, andikeni katika barua ileile kwamba nyumba ni yenu na mnaweza kuifungua na kuihamisha. Na mjenge kwa namna inayolingana na maneno hayo. Nyumba iliyofungwa kwa bolti juu ya nguzo za zege inafunguka. Ile iliyomiminiwa sakafu ya zege nzima na kuta zikachimbiwa ndani yake, kuihamisha ni maneno tu.

Ikiwa jina ni la babu aliyekwisha kufariki, na hali hii ni ya kawaida sana katika nchi yetu, basi hakuna mtu mmoja awezaye kuwapa ruhusa iliyo kamili. Si baba, si ami, si mzaliwa wa kwanza. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inafanya kuwa kosa la jinai kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Njia ni kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Chifu huandika barua yenye majina ya warithi wote, tangazo hutoka katika Gazeti rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga, na kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi 6. Ni safari ndefu. Ndiyo maana nawasihi msilipe kiwanda kwanza. Kiwanda hakitawangojea, na nyumba iliyolala vipande vipande chini ya turubai hupata kutu na maneno.

Katika orodha ile ya chifu, msiwaache dada. Sheria hiyo haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, wala aliyeolewa na asiyeolewa. Wifi aliyefichwa kwenye orodha ana haki ya kurudi na kuomba hati ifutwe, na wakati huo nyumba yenu itakuwa imekwisha kusimama.

Hata pale jina la mtu mmoja limeandikwa peke yake, wengine wanaweza kuwa na haki. Wakati ardhi ilipoandikishwa mara ya kwanza, familia nyingi ziliandikisha jina la mwana mkubwa kwa niaba ya wote. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amana ya kimila ya namna hiyo ina nguvu, hata kama anayedai haishi juu ya shamba hilo. Kwa hiyo ndugu wa Mombasa niliyemtaja ana neno.

KIKAO

Iteni kikao mapema, siku ambayo wengi wanaweza kufika. Heshimuni desturi za kwenu: kwa Waluo kijana hujenga simba ndani ya boma la babake kabla ya kwenda kuanzisha boma lake, na kuna utaratibu wa nani atangulie, jamii nyingine nazo zina yao. Nyumba iliyotoka kiwandani haifuti utaratibu huo kwa kuwa tu imekuja na lori. Wazee wakiuliza mlango utaelekea wapi, msiwaone washamba.

Mke awepo kikaoni, akiketi, si akipita na birika la chai.

Pelekeni picha ya nyumba na vipimo vyake. Tembeeni pamoja shambani mkaweke vigingi mahali itakaposimama, mbali na makaburi na mpaka wa jirani. Pimeni njia ya lori pia. Kontena la futi 40 lina uzito unaokaribia tani 4 likiwa tupu, na lori linalolibeba halipiti kwenye kijia cha ng'ombe. Kama ua wa jirani lazima ukatwe, au nyaya za umeme ni za chini, jirani naye na kampuni ya umeme nao wameingia katika orodha ya wanaoulizwa. Kisha yaliyokubaliwa yaandikwe, wote watie sahihi, na mzee mmoja asiye wa familia ashuhudie.

Kikao kikikwama, msilazimishe. Someni Mwanzo sura ya 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa kuwa nchi haikuwatosha, naye Abramu, aliyekuwa mkubwa, akamwachia mdogo achague kwanza. Sijasikia wazaliwa wa kwanza wengi wakikumbushwa sura hiyo. Ombeni mzee wa ukoo, au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, au paroko awaketishe tena. Katiba ya mwaka 2010 yenyewe inahimiza upatanisho wa namna hii. Yale mabaraza ya ardhi yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1990 yaliondolewa mwaka 2011, na kesi sasa huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ni gharama, na huko ndugu huingia wakiwa ndugu wakatoka wakiwa mlalamikaji na mshtakiwa.

KAUNTI

Familia ikikubali, bado serikali ya kaunti. Wengi husema, "Nyumba hii si ya kudumu, haihitaji kibali." Si kweli. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka ruhusa kwa ujenzi wowote juu ya ardhi, na anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Chifu hatoi kibali cha kujenga, wala mwakilishi wa wadi. Anayewaambia kwamba anaweza kuwamalizia jambo hili kwa bahasha anawauzia hewa.

Ofisi ya mipango itataka nakala ya hatimiliki, barua ya mwenye ardhi kama si ninyi, ramani ya kiwanja na michoro ya nyumba. Picha nzuri ya kitabu cha kiwanda si mchoro. Kiulizeni kiwanda kabla ya kununua kama kitatoa michoro yenye sahihi ya mtaalamu aliyesajiliwa. Kikikwepa swali, tafuteni kingine. Afisa wa afya ya umma naye atataka kujua choo kitakuwa wapi na umbali wake na kisima. Ada hutofautiana kati ya kaunti na kaunti. Wekeni nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa, kwa sababu sheria inasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Bila muhuri ule hamwezi kuzihesabu siku hizo.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, zungumzeni juu ya maswali haya. Je, tunajua hatimiliki ya shamba tunalolitegemea ina jina la nani? Kati ya ndugu na dada wote, ni nani ambaye hatujamwambia, na kwa nini yeye? Na kama jibu la nyumbani likiwa hapana, tuko tayari kuiweka nyumba yetu mahali pengine?