Kabla ya Kununua Mashine ya Kukereza Kalamu



Tangu tulipopanga kalamu za mbao na za mifupa mezani siku ya maonyesho, vikundi vitatu vimekuja ofisini kwetu na swali moja: mashine ile mnaipata wapi, na ni pesa ngapi? Tumeona afadhali tuandike somo, maana sisi wenyewe tulianza na swali hilo hilo na likatugharimu. Bei ni muhimu, lakini yako mambo ya kuuliza kabla yake. Tutawaambia tulivyokosea Kibera na tulivyokosea Kawangware, ndipo mjipime.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kukereza si kuchonga. Katika kuchonga, mbao imetulia na mkono unatembea. Katika kukereza, mbao inazunguka na patasi inatulia, ikiegemea chuma. Kazi hii si ngeni kwetu. Mafundi wa pwani, Lamu hasa, wamekereza miguu ya vitanda na viti tangu zamani, na chombo chao waliita kerezo au keezo, kikizungushwa kwa kamba ya upinde. Mafundi wa jua kali hapa Nairobi huita mashine hiyo ledhi. Ile ndogo inayofaa kalamu hukaa juu ya meza na uzito wake ni kama kilo 30 hadi 40. Ina kichwa chenye mota, ina mkia unaosogea mbele na nyuma, ina kitanda cha chuma kinachobeba vyote viwili, na kiegemeo cha patasi. Kipande cha mbao hutobolewa katikati, hutiwa bomba dogo la shaba kwa gundi, huvishwa kwenye fimbo ya chuma kati ya kichwa na mkia, kisha hukerezwa, hupigwa msasa na kung'arishwa. Ukiiona kwa mtu anayeijua utasema ni mchezo.

Stima iliyotuchomea mota

Kikundi cha Kibera kililetewa mashine na marafiki kutoka Marekani. Ilikuwa nzuri, nzito, ya chuma cha kusubu. Siku ya kuifungua tulialika wageni, soda zikanunuliwa. Kijana mmoja aliyesomea mambo ya stima aliinama akasoma kibandiko kwenye mota, akasema, "Jameni, hii imeandikwa volti 115." Wageni walikuwa wamekaa wakingoja. Ni sisi, watu wa ofisi, tuliosema washa tu. Stima ya Kenya ni volti 240. Mota ililia kwa sauti ambayo hatujaisahau, moshi ukatoka, na sherehe ikaishia kwenye soda.

Tumejifunza kwamba hata mashine kuvuka bahari na transfoma yake hakumalizi shida. Transfoma hushusha volti, lakini stima ya Marekani pia hupiga mara 60 kwa sekunde, yetu mara 50, na transfoma haibadilishi hilo. Mota nyingi za aina ya kawaida zikiletwa hapa huzunguka polepole zaidi na hupata joto. Kwa hivyo mfadhili akiwaandikia kwamba anataka kuwatumia mashine, msione haya. Mwandikieni mapema kwamba mnataka mota ya volti 240 na hezi 50, au alete mashine bila mota. Sisi tulienda Gikomba tukanunua mota ya pampu ya maji iliyotumika, fundi akaifunga kwa ukanda na makapi mawili, na mashine ile inafanya kazi mpaka leo. Mwili wake haukuwa na kosa lolote.

Jambo la pili la stima mnalijua kuliko sisi. Kwa nyumba inayotumia stima ya sambaza, jioni watu wakiwasha pasi na majiko, nguvu hushuka. Mota inanguruma bila kuzunguka. Hapo izime mara moja, kwa maana mota iliyosimama huku inakula stima ndiyo inayoungua. Vijana walikubaliana kufanya kazi asubuhi. Lakini ukweli ni kwamba mashine inayoshikwa kwa mikono siku nzima inataka mita halali na waya wa ardhini, na hayo ni mazungumzo na mwenye nyumba kabla hamjalipa kodi ya karakana.

Mashine iliyotetemeka

Kawangware mambo yalikuwa tofauti. Pale hakukuwa na mfadhili. Akina mama wauza mboga na vijana wao waliweka pesa kwa mzunguko miezi kumi na moja, wakanunua mashine mpya dukani mjini, nyekundu, inang'aa. Ilipofika, patasi haikutulia. Kalamu ilitoka na mawimbi kama mabati. Fimbo ya kalamu waliyoinunua kando haikuingia, kwa sababu koni za mashine hizi, zinazoitwa Morse, zina namba: mashine yao ilikuwa namba 1 na fimbo ilikuwa ya namba 2. Dukani waliambiwa kitu kikishatoka hakirudi. Katika mkutano uliofuata mama mmoja alisimama akasema, "Hiyo ni karo ya mtoto wangu ya mihula miwili imekaa hapo inatetemeka." Hakuna aliyemjibu. Hata sisi hatukuwa na neno, kwa sababu tulialikwa kuwashauri nasi tuliangalia rangi kama wao.

Aliyetusaidia ni mwalimu mstaafu anayekaa upande wa Riruta. Yeye hukereza kwa kujifurahisha tu, kalamu na vishikio vya visu, na huwapa wajukuu. Mashine yake alitengenezewa na mchomeleaji wa jua kali, na chini yake kuna miguu ya cherehani ya zamani ya kukanyaga. Vijana walipoiona walicheka. "Mwalimu, hii si ni cherehani ya mama?" Mzee akasema, "Ilikuwa. Mama alihamia stima, mimi nikabaki na miguu." Kisha akakaa, akakanyaga, akatoa kalamu laini mbele yao. Haikuwa haraka. Patasi yake ilikuwa kali sana, na alikula mbao kidogo kidogo. Kalamu ni kitu chembamba, haihitaji nguvu ya mguu wa meza.

Alitufundisha kupima mashine kabla ya kutoa pesa, na vipimo vyake havihitaji chombo chochote cha gharama. Sogeza mkia mpaka ncha yake ikutane na ncha ya kichwa. Zikipishana hata kwa unene wa ukucha, tundu la kalamu halitakuwa katikati kamwe. Shika mhimili wa kichwa kwa mkono, usukume huku na huku: ukicheza, beringi zimekwisha au hazikuwa nzuri tangu kiwandani. Weka glasi ya maji juu ya kichwa, washa, tazama maji. Yakitulia, mnunue. Yakiruka, mwambie muuzaji asante. Halafu uliza namba ya koni, na uliza ukanda wake unapatikana wapi. Ikiwa ukanda lazima uagizwe ng'ambo, siku utakapokatika mradi wenu umefungwa. "Mashine haiogopi udogo," Mwalimu alituambia, "inaogopa kutetemeka."

Ile nyekundu ya Kawangware haikutupwa. Waliifunga kwa bolti kwenye meza nzito ya mbao, wakatundika magunia ya mchanga chini, na mkia ukainuliwa kwa kipande cha bati mpaka ncha zikakutana. Leo inatoa kalamu za mbao zinazouzika. Kwa mifupa bado haifai.

Kidole

Hili hatukulipenda kuliandika. Ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi mnayoijua, na kijana hodari kuliko wote wa Kibera alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu. Fimbo ikashika uzi, uzi ukavuta mkono. Swichi ilikuwa nyuma ya mashine, ukutani, na kuifikia ilibidi kupita mbele ya kile kilichokuwa kinazunguka. Vidole viwili vilivunjika, na kimoja hakikunjiki mpaka leo. Pesa za matibabu zilitoka kwenye mfuko wa mradi na hazikutosha. Hatukuwa tumemkataza mtu yeyote kuvaa sweta. Tulikuwa tumeandika kanuni za kuchelewa mkutanoni na faini zake, na za mashine hatukuandika.

Sasa mikono hukunjwa mpaka kwenye kiwiko, leso na mikufu huachwa mlangoni, nywele ndefu hufungwa. Glavu hazivaliwi wakati mbao inazunguka, hata kama mgeni amezileta kwa nia njema, kwa sababu zinashikwa vile vile. Swichi imeletwa mbele, unaweza kuipiga kwa goti. Miwani ni lazima. Msasa hushikwa kwa vidole, hauzungushwi kwenye kalamu. Na vumbi: la mfupa ni baya zaidi, jembamba, linaingia kifuani na kukaa. Barakoa nzuri na mlango wazi, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Mali, wino na hesabu

Mali ghafi iko karibu kuliko tulivyofikiri. Maseremala wa Barabara ya Ngong, kuelekea Dagoretti Corner, hutupa au kuuza kwa bei ndogo vipande ambavyo kwao ni takataka na kwetu ni kalamu tano. Jakaranda ni laini na hunywa nta nyingi. Mukima, ule mti wa mashambani ambao wengine huuita grevilea, una madoadoa mazuri ukikerezwa. Mwarobaini wa pwani ni mgumu na mzuri. Wachongaji wenyewe walihamia huko baada ya mpingo na muhugu kuadimika, nasi tunawashauri msifuate mpingo. Mbao iwe kavu. Mbichi hukerezwa upesi na kukufurahisha, kisha baada ya wiki mbili inapasuka mfukoni mwa mteja.

Mifupa na pembe za ng'ombe hutoka machinjioni Dagoretti, na Kibera kuna mafundi wa siku nyingi wa kazi hiyo, wanaojua kuichemsha mpaka mafuta yatoke na kuikausha polepole. Nendeni kwao mkajifunze, msianze upya. Mkiuza kalamu ya mfupa kwa mtalii, mwandikieni risiti inayosema ni mfupa wa ng'ombe. Serikali yetu ilichoma pembe za ndovu Nairobi National Park mwaka 1989, na tena tani 105 mwaka 2016, na askari wa uwanja wa ndege ana haki ya kuuliza kitu cheupe kinachong'aa ni nini.

Somo kubwa la biashara tulipewa na mwalimu wa kike wa Kawangware. Alinunua kalamu akarudi baada ya miezi miwili. "Kalamu yenu ni nzuri, lakini wino umeisha na maduka yote yetu hayana." Tulikuwa tunatumia vifaa vya kuagizwa, bomba la shaba, klipu na ncha, na wino wake ni wa aina maalum ya mjini. Tulipokaa na daftari tukaona pia kwamba zaidi ya nusu ya bei ilikwenda kwa vifaa hivyo. Baada ya kutoa gundi, msasa na tokeni za stima, kijana aliyekereza alibaki na kiasi ambacho angekipata haraka zaidi kwa kubeba maji.

Ndipo tukaanza kukereza kalamu inayobeba mrija wa biro ya kawaida, ile ya kila kioski. (Jina biro, kwa wanaopenda kujua, limetoka kwa László Bíró, Mhungari aliyeandikisha kalamu yake mwaka 1938.) Haina shaba wala klipu. Shida yake ni tundu, refu na jembamba, na keekee hupenda kupotea njia. Dawa yake ni kushika mbao kwenye kichwa na keekee kwenye mkia, ili mbao izunguke na keekee itulie, kutoboa nusu upande huu na nusu upande ule, na kuitoa kila mara ili unga utoke. Mwendo uwe wa polepole. Mwishoni nta ya nyuki kwa kitambaa. Zile za vifaa tunaendelea kuzitengeneza kwa wateja wa Maasai Market wanaotaka zawadi, nazo ni chache na huagizwa kwanza.

Kwa vikundi vitakavyosoma somo hili pamoja, anzeni na maswali haya. Stima ya mahali petu ikoje saa tano asubuhi, na ikoje saa moja jioni? Ni nani katika mtaa wetu anayeweza kutengeneza mashine hii ikiharibika, na je, tumemwonyesha kabla ya kununua? Mwenzetu akiumia, matibabu yatatoka mfuko gani? Na kalamu kumi za kwanza, tayari tunajua majina ya watakaozinunua? Mzee wa Riruta anapokea wageni Jumamosi mchana. Pitieni kwanza ofisini tuwaelekeze, na mbebe kipande cha mbao kavu.