Zawadi ndogo zaweza kumsaidia mlevi kuacha pombe

Msomaji, iwapo unaishi Mweiga, Endarasha au Mugunda, huenda unamjua mtu aliyeahidi mara kumi kuacha pombe na mara kumi akairudia. Labda ni mumeo, mwanao, au ni wewe mwenyewe. Ushauri amepewa, kanisani ameombewa, chifu naye amemwonya. Leo tutaangalia njia ambayo wengi wakiisikia mara ya kwanza hukasirika: kumpa mgonjwa zawadi kila anapopimwa na kupatikana hajanywa.

"Kumtuza mlevi?" atauliza mama aliyeuza kuku wake kulipa karo, huku baba watoto akimaliza pesa za kibarua kwenye chang'aa. Ana haki ya kuuliza. Lakini hebu tazama jinsi uraibu unavyomshika mtu. Pombe humlipa mnywaji papo hapo: mikono huacha kutetemeka na wasiwasi hutulia. Faida za kuiacha, kama vile ini lenye afya, shamba lililopaliliwa na watoto wasiomkimbia, huchukua miezi kuonekana. Ubongo uliozoea pombe huvutwa zaidi na kinachopatikana sasa. Zawadi humpa mgonjwa kitu cha kushika leo, angali akizingoja zile faida za baadaye.

Mwaka wa 2000, mtaalamu wa saikolojia Nancy Petry wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanajeshi wa zamani 42 waliotawaliwa na pombe. Wote walipewa matibabu ya kawaida. Baadhi yao, wakipuliza kipima pumzi na kuonekana hawajanywa, waliruhusiwa pia kuchota vijikaratasi kutoka kwa chombo kilichokuwa na vijikaratasi 250. Zawadi nyingi zilikuwa za dola 1 hivi. Moja tu ilifika dola 100. Kufikia mwisho wa majuma 8, asilimia 84 ya waliochota walikuwa wangali kwenye matibabu, lakini katika kundi la pili ni asilimia 22 tu waliobaki.

Hapa nchini, wengi watakumbuka mpango wa Kaa Sober ulioanzishwa na Kaunti ya Kiambu mwaka wa 2018, ambapo walevi walilipwa shilingi 400 kwa siku kwa kufanya kazi za umma kama kuzibua mitaro. Kumpa mtu kazi ni jambo jema. Hata hivyo, kumlipa kwa kazi si sawa na kumtuza kwa kutokunywa, na pesa taslimu mfukoni jioni ni mtihani mgumu kwa mtu ambaye njia yake ya nyumbani inapita mbele ya baa.

Kwa hivyo zawadi iwe kitu cha matumizi: kipande cha sabuni, sukari, pakiti ya unga. Itolewe saa ile ile ya kupimwa, si mwisho wa mwezi. Iongezeke kidogo kila anapofaulu mfululizo, na akianguka arudi mwanzo bila kukaripiwa. Kipimo chenyewe si kigeni, kwani madereva wetu walianza kukipuliza barabarani kwa jina la Alcoblow mwaka wa 2013. Kasoro yake ni kwamba huonyesha pombe ya saa chache zilizopita tu, kwa hivyo mgonjwa apimwe mara kwa mara na asijue saa. Mahali ambapo kifaa hakipo, zahanati yaweza kutuza mahudhurio: kila siku ya kliniki aliyofika, anapata kitu. Kadi na peni zatosha kuweka hesabu. Jambo la kuepuka ni kuahidi kisha usitoe. Mlevi amekwisha kuvunjiwa na kuvunja ahadi za kutosha.

Sasa onyo, na usilipuuze. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani kwa sababu ya kutamani zawadi. Katika siku tatu za kwanza aweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kushikwa na kifafa au kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo yaweza kumuua. Mpeleke kwanza kituo cha afya, aonwe na daktari au afisa wa kliniki, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1. Mpango wa zawadi ufuate baadaye.

Zawadi zikikoma, wengine huteleza tena. Ndiyo maana majuma hayo machache yatumiwe kumtafutia kibarua, kumrudisha kwenye chama chake na kumkutanisha na wenzake walioacha. Ukitaka ushauri, piga simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo.